Hadithi ya Mchuuzi Isimuliwe Pamoja na Hesabu Yake

Muhula mmoja niliwauliza wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili wanitajie sifa za mjasiriamali. Walizimimina zote kwa mfuatano uleule ulio kitabuni: ni mbunifu, ni mvumilivu, haogopi kujaribu. Nikawauliza tena, je, mama anayewauzia mandazi langoni hupata faida au hasara? Darasa zima likanyamaza. Hakuna aliyewahi kumwuliza, ingawa walinunua kwake kila siku ya Mungu.

Tangu siku hiyo nimesadiki kwamba somo la Biashara halifundishiki kwa orodha. Hufundishika kwa hadithi, na kizazi hiki kina bahati ya kuwa na vyombo vya kuibeba: redio, runinga, na simu ya mkononi inasayo sauti na picha kwa pamoja. Mwanafunzi aliyesahau maana ya mtaji wiki moja baada ya mtihani hatamsahau mtu aliyemsikia akieleza jinsi alivyoupoteza.

Lakini tuwasimulie hadithi gani? Hapa naomba tuvuke mpaka tuwatazame jirani zetu. Mwaka wa 2011, shirika la Femina Hip la Tanzania lilitoa katika runinga kipindi kilichoitwa Ruka Juu, ambamo vijana wenye biashara ndogo ndogo walishindana, na mtazamaji akajifunza biashara huku akiburudika. Watafiti waliwachukua wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari, wakawagawa makundi kwa bahati nasibu, na kundi moja likapewa kishawishi ili likitazame kipindi hicho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2020 yanatosha kumkosesha mwalimu usingizi. Hamu ya biashara ilionekana kuongezeka kidogo, hasa miongoni mwa wasichana. Hata hivyo, matokeo yao ya mitihani yalishuka, walioendelea na masomo wakapungua, na ushahidi kwamba walianzisha biashara kuwapita wenzao ulikuwa haba.

Wako watakaosema basi runinga izimwe, turudi kwenye ubao na chaki. Sikubaliani nao. Hadithi iliyoweza kumvuta kijana hadi akakiacha kitabu ina nguvu ambayo ubao wangu haujapata kuwa nayo. Rai yangu, na ni yangu wala si ya watafiti wale, ni kwamba mashindano aghalabu humweka mbele mshindi, na asubuhi za hasara hazina mvuto wa kurushwa hewani. Waswahili walikwisha kunena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hadithi ya biashara nayo yataka daftari kando yake, na mwalimu wa kuisimamisha katikati na kuuliza maswali.

Hivyo niliwatuma wanafunzi wawili kwa mama wa mandazi, kwa idhini yake. Simu ilikuwa yangu, maana shule nyingi huwakataza wanafunzi kuwa nazo. Mama aliwaeleza kwa ufasaha: unga, mafuta, sukari, hamira na makaa humgharimu shilingi 520. Hupata mandazi 70, ambayo huuza kwa shilingi 10 kila moja. Faida, alisema kwa fahari, ni shilingi 180.

"Na ushuru wa soko, mama?" msichana mmoja akauliza.

"Hamsini."

"Na mandazi wanayokula watoto nyumbani?"

Katika kanda unasikika mcheko, kisha kimya kirefu. "Kama manane hivi. Hayo sijawahi kuyahesabu, mwanangu."

Niliisimamisha sauti hapo, nikawaachia darasa kalamu. Hakuna aliyesinzia. Ndani ya dakika chache walikuwa wamefika kwenye shilingi 50, na mabishano yakazuka: je, mandazi ya watoto ni hasara, au ni chakula ambacho mama angekinunua kwingineko? Na kazi yake ya tangu alfajiri italipwa na nani? Nimefundisha miaka mingi bila kuulizwa maswali ya namna hiyo.

Kisha nikaiachia sauti iendelee. Mama alikuwa akilalamikia wateja wanaokopa, miongoni mwao mwanafunzi mmoja aliyekuwa na deni la shilingi 40. Mvulana wa safu ya nyuma akainamisha kichwa. Kesho yake asubuhi nilimwona langoni, akihesabu sarafu.