Utumbo Unapojisokota: Maumbile Yanayoleta Hatari

Ndani ya tumbo la mtu mzima umekunjwa utumbo mwembamba wenye urefu wa takriban mita 6. Mrija huo hujongea usiku na mchana, na bado haufungi fundo. Kinachouhifadhi ni utando uitwao mesenteri, unaouning'iniza kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo na kupitisha mishipa yake ya damu. Shina la utando huu lina urefu wa sentimita 15 hivi, nalo limeshikizwa kwa mshazari, kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Ni mfano wa tanga lililofungwa vyema kwenye foromali: upepo hulijaza, lakini haulizungushi. Tanga lililoshikwa kwa ncha moja halina salama hiyo.

Hitilafu inayoanzia mimbani

Kiasi cha wiki ya 6 ya ukuaji wa mimba, utumbo wa mtoto hutoka nje ya tumbo na kuingia katika kiungamwana. Hurejea ndani karibu na wiki ya 10, ukiwa umezunguka kwa jumla nyuzi 270. Mzunguko huo usipokamilika, shina la mesenteri hubaki jembamba mithili ya kikonyo cha embe, na utumbo wote huweza kujisokota juu yake na kuunyonga mshipa unaoulisha. Mwaka 1936 daktari William Ladd wa Boston, Marekani, alieleza upasuaji wa kuirekebisha hali hii, na njia yake yafuatwa hadi leo.

Wengi wa watoto wanaodhurika hudhurika katika mwezi wa kwanza wa maisha. Dalili kuu ni kutapika matapishi ya rangi ya kijani, yaani nyongo. Tumbo laweza kuwa halijafura bado, na hapo ndipo wazazi wanapohadaika. Wazee wetu wana jina moja, mchango, kwa maumivu mengi ya tumbo la mtoto, na mkono wa bibi wenye mafuta umewatuliza wengi. Lakini kukanda hakufungui utumbo uliosokotwa. Mtoto mchanga akitapika kijani, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa watu wazima

Wako waliozaliwa na mesenteri ndefu kupita kiasi yenye shina jembamba, wakaishi miaka mingi bila kujua. Wengine wana uzi wa nyama uliosalia tangu mimbani, unaounganisha utumbo na kitovu. Wengine wana makovu ya upasuaji wa zamani yaliyogandamana na kuwa mhimili wa kuzungukia. Kwa watoto wakubwa, hata bonge la minyoo laweza kuuelemea utumbo hadi ukapinduka.

Maradhi haya yameandikwa na madaktari wa Uganda, jirani zetu, na zaidi wa Afghanistan. Huko, katika miaka ya 1970, madaktari wa upasuaji waliyahusisha na mlo mkubwa mzito unaoliwa mara moja baada ya njaa ya kutwa, kama katika Ramadhani. Chakula kingi hukijaza kipande kimoja cha utumbo, kikawa kizito, kikashuka na kuvuta vingine.

Hii si sababu ya kuiogopa saumu. Walio wengi maumbile yao ni imara. Ni sababu ya kufuturu kwa utaratibu: tende na maji, kisha sala ya Magharibi, ndipo mbaazi, muhogo na viazi vya karai vije kwa kiasi. Mafunzo ya Mtume (s.a.w.) juu ya kutolijaza tumbo yanajulikana kwetu sote.

Usingoje asubuhi

Maumivu makali ya ghafla yasiyotulia, kutapika, tumbo kufura, kukosa choo na hewa: dalili hizi zikikutana, utumbo waweza kufa kwa saa chache. Mgonjwa asipewe chakula wala dawa ya kuharisha. Apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kwa mkazi wa Kiembeni, Hospitali Kuu ya Pwani iko ng'ambo ya Daraja la Nyali, na msongamano wa barabarani waujua. Basi amua mapema, na umweleze daktari kila upasuaji uliowahi kufanyiwa mgonjwa.

Mwenyezi Mungu azihifadhi familia zetu. Amin.