Kuvuka Fungu la Columbia Kumfuata Samoni

Ifikapo Agosti, mashua ndogo hujazana kabla ya mapambazuko katika bandari za Ilwaco, jimbo la Washington, na Warrenton, jimbo la Oregon, kwenye pwani ya magharibi ya Marekani. Nyingi hazifiki meta 8 kwa urefu. Zimefungwa injini nyuma, ndani mna watu watatu au wanne, boksi la barafu na chambo cha dagaa. Wanamfuata samoni anayerudi kutoka Pasifiki kuingia Mto Columbia. Mbele yao kuna fungu la mchanga ambalo, tangu Kapteni Robert Gray alipoingia mto huo Mei 1792, linakadiriwa kuangamiza vyombo vipatavyo 2,000.

Nimeichagua safari hii kwa sababu sayansi yake inamhusu kila mtu anayeingia baharini kwa chombo kidogo. Mambo yanayomleta samaki mahali pale ndiyo hayo hayo yanayoichafua bahari, kwa hiyo huwezi kupanga uvuvi peke yake ukaacha hatari. Ni hesabu moja.

Mto Columbia unaanzia Kanada, unasafiri karibu kilomita 2,000, na unamwaga baharini wastani wa meta za ujazo 7,500 za maji kila sekunde. Mito mingi mikubwa hutandaza mchanga wake taratibu ikafanya delta, kama Rufiji. Columbia inakutana na Pasifiki ana kwa ana, na mawimbi yanaurudisha mchanga hadi unarundikana mlangoni. Kati ya 1885 na 1895 wahandisi walijenga ukuta mrefu wa mawe upande wa kusini, na kati ya 1913 na 1917 wakajenga wa kaskazini, ili mkondo ubanwe, ukaze mwendo na kuuzoa mchanga kwenye njia ya meli. Walifaulu kwa meli. Mwenye mashua bado anakuta mafungu pande zote mbili: Clatsop upande wa kusini, na kaskazini Peacock, lililopewa jina la manowari ya Marekani iliyovunjikia hapo mwaka 1841.

Sasa tuyaangalie mawimbi, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo.

Wimbi la bahari kuu lina kasi yake. Hesabu sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata, zidisha kwa 1.56, utapata kasi yake kwa meta kwa sekunde katika maji ya kina kirefu. Wimbi la sekunde 12 linakimbia karibu meta 19 kila sekunde; la sekunde 4 linakwenda meta 6 tu. Wimbi likikutana na mkondo unaolijia kwa mbele, linapungua mwendo, vilele vinasogeleana, na nguvu iliyokuwa imetandaa kwenye eneo kubwa inabanwa katika eneo dogo. Haina pa kwenda isipokuwa juu. Mkondo ukifikia robo ya kasi ya wimbi, wimbi hilo haliwezi tena kusonga: linasimama wima na kuvunjika. Kwa wimbi la sekunde 4, robo hiyo ni meta moja na nusu kwa sekunde, na maji ya Columbia yanapotoka kwa nguvu huizidi kasi hiyo. Mawimbi marefu hayazuiliki kirahisi namna hiyo, lakini nayo yanaanza kuhisi sakafu ya bahari kina kinapopungua, yakapunguza mwendo na kuinuka. Juu ya fungu mambo yote mawili yanatokea pamoja. Bahari iliyokuwa ikipanda na kushuka kwa utulivu saa mbili kabla inageuka kuta za maji zinazovunjika.

Manahodha wa Mkondo wa Pemba wanaijua hali ya namna hii. Maji yanapanda kuelekea kaskazini, upepo wa kaskazi unavuma kuyapinga, na bahari inafura bila ya upepo wenyewe kuwa wa kutisha. Columbia ina jambo hilo likiwa limezidishwa na mto mzima.

Kwa hiyo mpangaji anaanza na jedwali la maji kujaa na kupwa, kabla hajafikiria ndoana. Pwani ile hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, lakini vipimo havilingani: kupwa kumoja huwa kukubwa kuliko kwingine. Kadiri tofauti ya kujaa na kupwa inavyokuwa kubwa, ndivyo maji yanavyotoka kwa kasi, na wakati wa bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hali huwa kali zaidi. Pia kuna mtego ambao mgeni huuingia kwa urahisi. Saa ya maji kufika mwisho wa kupwa ufukweni si lazima iwe saa ya mkondo kusimama mlangoni. Mto una mzigo wake, na unaweza kuendelea kutoka hata baada ya bahari kuanza kujaa. Ndiyo maana idara ya Marekani ya bahari na anga, NOAA, hutoa utabiri wa mikondo mbali na ule wa kujaa na kupwa. Mwenye mashua anahitaji wote wawili.

Tuseme mkondo unasimama saa 12 asubuhi, maji yanaingia hadi saa 6 mchana, kisha yanaanza kutoka. Mashua inaweza kutoka alfajiri na kurudi ndani kabla ya saa 6. Ikichelewa, haina njia salama hadi maji yaishe kutoka, pengine saa 12 jioni, na wakati huo wote upepo wa mchana unaongezeka. Uamuzi wa busara kwa aliyechelewa ni kusubiri nje, kwenye kina, hata kama watoto nyumbani wanangoja. Anayesubiri anahitaji mafuta, maji ya kunywa na nguo kavu, na vitu hivyo vinapakiwa usiku uliotangulia au havipakiwi kabisa.

Kurudi kuna ugumu mwingine. Ukitoka, nyuso za mawimbi unaziona. Ukirudi, unaona migongo yake, na mgongo wa wimbi linalovunjika unaonekana laini kuliko uso wake. Bahari ile ile inaonekana nzuri zaidi kwa anayeingia. Kisha wimbi linakufuata kwa nyuma, linainua tezi, omo inachoma maji, na mashua inageuka ubavu. Mashua ndogo nyingi hupinduka hivyo.

Baada ya mikondo, utabiri wa hali ya bahari. Magharibi mwa mlango limefungwa boya la vipimo namba 46029, linalotuma urefu wa mawimbi, sekunde kati ya wimbi na wimbi, upepo na joto la maji. Watu wengi husoma urefu peke yake. Kosa hilo ni kubwa. Wimbi la meta 2 lenye sekunde 12 lina urefu wa meta 225 hivi kutoka kilele hadi kilele, na mashua hulipanda kama mteremko mpole. Wimbi la meta hizo hizo 2 lenye sekunde 6 lina meta 56 tu. Ni kali mara nne. Na “meta 2” ya utabiri ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa kuliko mengine. Kwa hesabu za takwimu, katika mawimbi 1,000 utegemee moja linalokaribia maradufu ya kipimo hicho. Mawimbi yakipishana kwa sekunde 8, elfu moja yanapita katika saa mbili na robo. Yaani ndani ya safari ya asubuhi moja, wimbi la karibu meta 4 si ajabu. Limo katika utabiri kwa anayejua kuusoma. Mamlaka za hali ya hewa za Tanzania na Kenya nazo hutangaza urefu wa mawimbi kwa meta, na utabiri wa bahari duniani kote hutumia kipimo hiki hiki.

Upepo wa kiangazi pale hutoka kaskazini-magharibi na kaskazini, na hukaza mchana kwa kuwa bara limepata joto na bahari imebaki baridi. Upepo huo, pamoja na mzunguko wa dunia, husukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini kujaza nafasi. Pwani ya Somalia hupata jambo kama hilo wakati wa kusi. Rutuba huzaa mimea midogo ya baharini, mimea hulisha viumbe wadogo, hao hulisha dagaa, na dagaa humnenepesha samoni. Upepo huo huo unaofanya alasiri iwe mbaya ndio uliomlisha samaki. Unaleta pia ukungu, kwa sababu hewa yenye unyevu hupoa ikipita juu ya maji baridi, na mashua hujikuta haioni hata omo ya jirani.

Samoni mwenyewe anastahili kurasa nyingi. Amezaliwa kwenye kijito chenye kokoto, pengine mamia ya kilomita ndani ya bara, akashuka baharini akiwa mdogo, akazunguka Pasifiki mwaka mmoja au miaka kadhaa, na sasa anarudi kuzaa na kufa. Katika miaka ya 1950 Arthur Hasler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alitoa wazo kwamba samaki huyu hukariri harufu ya kijito chake. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake waliwazoesha samoni wachanga kemikali iitwayo mofolini, wakawaachia Ziwa Michigan, kisha wakaitia kemikali hiyo katika vijito wakati wa kurudi. Samaki waliozoeshwa waliifuata. Naona huo ni miongoni mwa ushahidi mzuri kabisa uliopata kupatikana kuhusu kumbukumbu ya mnyama.

Wawindwao mlangoni ni wa aina mbili. Chinook ndiye mkubwa, na jina lake limetoka kwa watu wa Chinook, ambao walivuka maji haya kwa mitumbwi ya mwerezi vizazi vingi kabla ya Gray. Huingia kwa wingi mwezi Agosti na hupenda kukaa chini. Coho ni mdogo zaidi, hufuatia kuelekea Septemba, na nje baharini huogelea karibu na juu. Mvuvi hukokota chambo polepole nyuma ya chombo, akiongeza chubwi zito akimtaka chinook. Kilomita 235 juu ya mto lipo bwawa la Bonneville, la mwaka 1938, ambako samaki wanaopanda ngazi za maji huhesabiwa na hesabu hutangazwa kila siku. Huko ndiko unakojua kama kundi limeshapita.

Jamii kadhaa za samoni wa Columbia zinalindwa na sheria ya viumbe vilivyo hatarini, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vituo vya uzalishaji huwakata samaki wao pezi dogo la mafuta lililo mgongoni karibu na mkia. Kwa kawaida coho asiye na pezi hilo unaruhusiwa kumchukua. Aliye nalo ni wa asili, na hurudishwa majini akiwa hai. Kwa hiyo ndoana isiyo na kijino, inayochomoka bila kurarua, ni sehemu ya maandalizi. Kiasi cha kuvuliwa baharini hupangwa kila mwaka, na kikitimia msimu unaweza kufungwa ghafla. Kanuni za mwezi uliopita hazitoshi. Zisome usiku wa kuamkia safari.

Maji ya bahari ile hubaki baridi, hata Agosti. Aliyezoea bahari ya Mombasa au Unguja, yenye nyuzi 25 na zaidi, hawezi kukisia yanavyomfanya mtu. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba ameyaeleza kwa namba tatu: dakika 1 ya kuhema bila kujizuia, dakika kama 10 za mikono kutii, na karibu saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Wengi hufa katika zile dakika za mwanzo, wakiwa waogeleaji hodari, kwa kuwa wanavuta maji au mikono inakataa. Jaketi okozi lililo chini ya benchi halivaliki ndani ya dakika hiyo moja. Linavaliwa bandarini. Na tangu 1 Aprili 2021 sheria ya Marekani inawataka waendesha mashua nyingi zilizo chini ya futi 26 kutumia kamba ya kuzimia injini, ili chombo kisimkimbie wala kumgeukia aliyeanguka.

Mafuta hugawanywa mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la yasiyotarajiwa. Redio ya upepo hukaa kwenye chaneli 16. Katika njia ya meli, mashua haina haki ya kumzuia mkubwa, kwa kuwa meli iliyosheheni haiwezi kukwepa wala kusimama upesi. Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Cape Disappointment, palipo na shule ya taifa ya waokoaji wa mashua, kinaweza kulifunga fungu kwa vyombo vidogo hali ikichafuka. Tangazo hilo likitoka, safari imekwisha hata kama chinook wanaruka nje ya mlango.

Mwisho, mpango wa safari huandikwa kwenye karatasi moja: jina na rangi ya chombo, idadi ya watu, mahali pa kuvua, saa ya kuvuka, na saa ambayo mkirudi mtapiga simu. Karatasi hubaki kwa mtu aliye nchi kavu, naye anajua aite nani saa hiyo ikipita kimya. Hata kama mashua yako inatoka Kilwa, Wete au Lamu na hujawahi kumwona samoni, iandike kabla ya kung'oa nanga.