Miaka tisa bila cheti: je, ni ndoa?

Mama mmoja alitupigia simu kipindini kutoka Kigonsera. Ameishi na mwenzake miaka tisa, wana watoto wawili, wamepanda kahawa pamoja. Sasa mwanaume anamwambia arudi kwao kwa kuwa "hatukufunga ndoa". Je, aondoke mikono mitupu?

Ufaransa, tangu 1999, ina mkataba wa kuishi pamoja uitwao PACS. Upande mmoja unaweza kuuvunja kwa taarifa tu, bila hakimu, na mwenzako akifa bila wosia hurithi. Tanzania hatuna kitu hicho. Ndoa yetu ya bomani ni ndoa kamili kama ya kanisani au msikitini: inatanguliwa na taarifa ya siku 21, ina mashahidi na cheti, na talaka yake hutolewa na mahakama.

Kilicho karibu ni kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwanaume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kama mume na mke, sheria inadhani wameoana. (Ile miezi sita ya vijiweni haimo.) Neno zito hapo ni "inadhani". Mwenye cheti anakionyesha, basi. Asiye nacho analeta majirani, balozi, kadi za kliniki, na mwenzake anaruhusiwa kupinga. Mwanaume akionyesha kwamba ana ndoa ya kanisani ambayo haijavunjwa, dhana inaanguka, maana hakuwa na ruhusa ya kuoa tena. Wengi hapa ndipo wanapokwama.

Lakini ikianguka kwa sababu tu hamkufungishwa ndoa rasmi, kifungu hichohicho kinamruhusu mwanamke kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kugawa mali mliyochuma pamoja. Na asikwambie mtu kupika na kulea si kazi: Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali.

Mama yetu tulimshauri amwone msaidizi wa kisheria, kisha aende Mahakama ya Mwanzo. Na zile stakabadhi za kahawa za chama cha msingi zenye jina lake, azitunze vizuri.