Aliyekuwa Nayo Siku Ilipozima

Pawatila ilirudi nyumbani ikivutwa na ng'ombe wawili. Jirani yangu alitangulia mbele, ndala mkononi, na hata hodi hakupiga. "Mzee, mimi sijaifanya kitu. Imekohoa tu, ikazima." Alikuwa ameiazima siku mbili achavange majaruba yake, yaani ayavuruge tope. Kabla yake ilikuwa kwa mwingine, na kabla ya huyo ilikuwa kwangu, ikivuta tela la mpunga na matofali kiangazi kizima. Fundi alipokuja hakufungua hata nati moja. Aliizunguka, akauliza nani alikuwa nayo mara ya mwisho, akatoa hukumu: "Basi huyo ndiye aliyeiua."

Hukumu ya namna hiyo nimeisikia mara nyingi, maana mashine hizi ndizo kazi yangu. Tangu mpango wa Kilimo Kwanza ulipotangazwa mwaka 2009 na pawatila kusambazwa kwenye halmashauri, mabonde ya mpunga kama Usangu yamejaa mashine ambazo karatasi yake ina jina la mtu mmoja au kikundi kimoja, lakini kazini ni za mtaa mzima. Kuazimana hakukwepeki: msimu ni mfupi, maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, na anayekunyima mashine leo kesho atahitaji ng'ombe wako. Tatizo ni kwamba injini haifi siku inapozima. Mara nyingi ilianza kufa zamani, mikononi mwa watu kadhaa, na mwenye bahati mbaya ni yule aliyekuwa ameishika mwishoni.

Wengi hudhani pawatila huumizwa na tope, kwa sababu humo ndimo inamoonekana ikihangaika. Tope huumiza sili za ekseli na visu, ni kweli. Silinda huliwa barabarani, tela likiwa nyuma na vumbi limetanda. Chembe za mchanga zilizomo kwenye vumbi hilo ni ngumu kuliko chuma cha silinda, na kinachozizuia ni kisafisha hewa: kibakuli chenye oili chini, na wavu juu yake. Hewa ikipita, vumbi linanasa. Oili ile ikigeuka uji, au mtu akiosha kibakuli na kukirudisha kikavu kwa sababu oili imepanda bei, injini inavuta mchanga moja kwa moja. Siku hiyo haifanyi lolote. Ringi zinasagika kidogo kidogo, asubuhi inagoma kuwaka, moshi unaanza kuwa wa bluu, oili inapungua ilhali hakuna inapovuja. Watu watano wanaweza kuilimia katika hali hiyo. Wa sita ndiye inayemzimikia.

Kipo pia kifo cha ghafla, na hicho huwa na mwenyewe. Oili ikishuka chini ya alama kwenye kijiti, beringi za konrodi zinaungua mchana mmoja. Maji yakikauka kwenye rejeta na mtu akaendelea kulima, gasketi inaondoka. Anayejazia rejeta maji ya mfereji yenye tope anaiziba taratibu, ingawa yeye anaona amefanya wema.

Vifo hivi viwili vinaweza kutofautishwa, na hapa ndipo mwenye mashine anapaswa kuwepo injini inapofunguliwa, si kuletewa habari jioni. Mwambie fundi aifute silinda, kisha pitisha ukucha ndani yake, ukipanda kuelekea mdomoni. Ringi hazifiki juu kabisa, kwa hiyo ukanda mwembamba wa juu hubaki na upana wake wa kiwandani wakati chini yake panaliwa. Ukucha ukikwama kwenye kijingazi pale juu, kijingazi hicho hakikuchongwa kwa siku mbili. Ukipita bila kukwama, lakini beringi za konrodi zimegeuka bluu kwa joto au zimenata kwenye krenki, hapo kweli mtu aliendesha bila oili, na ni juzijuzi tu.

Yangu ilipofunguliwa, ukucha wangu ulikwama. Lilikuwa ni tela langu.

Kuhusu nani alipe, watu husema mengi, lakini sheria haiko mbali na akili ya kijijini. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, inamtaka aliyepewa kitu cha mwenzake akitunze kama mtu wa busara ya kawaida anavyotunza cha kwake. Akifanya hivyo na kitu kikaharibika, hadaiwi. Lakini akikitumia kinyume cha makubaliano, kwa mfano ameazima achavange, yeye akafunga tela akabebe mchanga, uharibifu unaotokea humo ni wake. Nawe mwenye mashine una deni: ubovu unaoujua na unaoweza kumdhuru lazima umwambie. Ukiikodisha kwa fedha deni linakua, maana hapo unawajibika hata kwa ubovu usioujua. Ndiyo sababu nawaonya wanaoanza kupokea "elfu kumi kumi ya shukrani" kila msimu. Shukrani ikishakuwa na bei inaanza kufanana na kodi.

Pwani utajibiwa vingine. Katika fikihi ya Kishafii, kitu cha kuazima kiko kwenye dhamana ya aliyeazima: kikiharibika analipa hata kama hakuzembea, isipokuwa kiwe kimechakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Kisa kinachotajwa ni cha Mtume alipoazima deraya za Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn na kumhakikishia kwamba zitarudi. Majirani wawili wanaweza kugombana kwa uaminifu kabisa, kila mmoja akiwa na kanuni yake kichwani. Afadhali waulizane mapema wanafuata ipi.

Sasa fundi. Yule wa kwanza nilimshukuru nikamwacha aende. Wa pili alikuja na ringi mpya mfukoni, akazivalisha kwenye silinda ile ile yenye ngazi, akachukua pesa yake. Wiki tatu baadaye moshi wa bluu ulirudi. Kosa lilikuwa langu pia, kwani niliona rahisi nikanyamaza. Ringi mpya kwenye silinda iliyoliwa hazishiki ukuta. Injini nyingi za nguvu farasi 12 zina silinda ya milimita 95, na kwa upana huo ringi mpya ikisukumwa peke yake ndani ya silinda, mwanya kati ya ncha zake unatakiwa uwe karibu milimita 0.3 hadi 0.4. Fundi mwenye kipimo atakuonyesha. Asiye nacho atakuambia "nimezoea, naona kwa macho." Injini hizi zina silivu inayotolewa na kubadilishwa, kwa hiyo silivu, pistoni na ringi huingia pamoja. Ni ghali, lakini ringi peke yake utazinunua mara tatu.

Tangu hapo fundi simpi pesa yote mbele. Spea tunakwenda kununua pamoja, na kilichotolewa nakitaka mezani, hata kama ni boliti. Ana haki ya kuizuia mashine hadi nimlipe kazi aliyoifanya, na hilo silipingi. Ila kazi tunaitaja kwa jina kabla hajashika spana, maana "kutengeneza injini" si kazi, ni matumaini. Akimaliza, mashine haitoki nje ya boma langu mpaka ringi zimezoea ukuta: kazi nyepesi kwanza, oili ya kwanza ikibadilishwa baada ya saa 50 za kazi, kisha kila saa 100. Mashine hizi hazina mita ya saa. Nina daftari la shule, limetundikwa kwa kamba kwenye nguzo ya banda.

Kabla ya kuikabidhi kwa yeyote tunaipima kwa hendeli. Mafuta yamefungwa, kijiwiko cha kuachia mgandamizo hakijaguswa, unazungusha taratibu. Injini yenye afya inakataa, inasukuma mkono wako urudi. Iliyochoka inazunguka bila ubishi, ukisikia hewa ikipita ndani.

Mwezi uliopita jirani yule yule alikuja. Sikuwa nimemwambia lolote, akaishika hendeli mwenyewe, akaizungusha, ikamrudisha. "Mzee, hii ina pumzi kuliko mimi," alisema. Tukaandika kwenye daftari: oili juu, maji masafi, oili ya kibakuli imebadilishwa, mkanda mmoja umeanza kuchanika ukingoni. Mkanda ule ulikatika siku ya tatu. Nilinunua mimi.