Kazi ya Kupanga Kurasa

Kabla ya mwaka 1985, ukurasa wa gazeti ulitengenezwa kwa wembe na gundi. Habari zilitoka kwenye mtambo zikiwa vipande virefu vya karatasi, fundi akavikata na kuvibandika ubaoni safu kwa safu. Mhariri akiongeza sentensi mbili, kipande kipya kiliagizwa na kazi ikaanza upya.

Julai mwaka huo kampuni ya Aldus ya Seattle, Marekani, ilitoa PageMaker, programu ya kupanga kurasa, kwa ajili ya kompyuta za Macintosh. Mwanzilishi wake, Paul Brainerd, aliipa kampuni jina la Aldus Manutius, mchapaji mashuhuri wa Venice. Miezi michache kabla, Apple ilikuwa imetoa printa ya LaserWriter, iliyotumia lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe na kuchapa nukta 300 kwa inchi. Ghafla ofisi ndogo iliweza kuandaa jarida lake yenyewe. QuarkXPress ikafuata mwaka 1987, na InDesign ya Adobe mwaka 1999.

Wengi hujiuliza kwa nini Microsoft Word isitoshe. Word huanza na maandishi, na ukurasa huyafuata. Programu ya kupanga kurasa huanza na ukurasa wenyewe: msanifu huchora fremu, moja ya kichwa cha habari, nyingine ya picha, nyingine za safu, kisha huziunganisha. Habari iliyoanzia ukurasa wa 3 inaweza kumalizikia ukurasa wa 17. Aya ikifutwa mwanzoni, maandishi ya mwishoni husogea yenyewe.

Nguvu kubwa zaidi ya programu hizi ni mitindo. Msanifu hueleza mara moja tu jinsi vichwa vidogo vitakavyokuwa: fonti, ukubwa, rangi, nafasi ya juu na ya chini. Mchapishaji akitaka vichwa vyote vya kitabu cha kurasa 200 vibadilike, mtindo mmoja hurekebishwa na vyote hufuata. Anayebadilisha kimoja kimoja kwa mkono hatakosa kusahau viwili vitatu.

Kwa Kiswahili, panahitajika uangalifu wa ziada. Vitenzi vyetu ni virefu, na safu ya gazeti ni nyembamba. Maandishi yakinyooshwa pande zote mbili bila maneno kukatwa, mapengo meupe hutapakaa katikati ya mistari. Programu ikiachwa katika mpangilio wa Kiingereza, hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza, na msomaji anaweza kukutana na “hawakut-” juu na “uarifu” chini. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, hivyo mahali panapofaa ni “hawaku-tuarifu”. Msanifu makini huzima ukataji huo wa Kiingereza, kisha huweka mwenyewe kistari cha hiari, ambacho huonekana pale tu neno linapoangukia mwisho wa mstari.

Kisha huja matakwa ya kiwanda cha uchapaji. Jarida linalobanwa pini katikati lazima liwe na idadi ya kurasa inayogawanyika kwa 4. Picha za kuchapwa huhitaji takriban nukta 300 kwa inchi katika ukubwa zitakaotumika, na rangi zake hugeuzwa kuwa za wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Picha inayofika ukingoni huvushwa milimita 3 nje ya mpaka wa ukurasa, ili kisu kikisogea kidogo pasibaki ufito mweupe.

Gharama isiwe kikwazo kwa shule au kikundi cha waandishi. Scribus hupatikana bure, hufanya kazi kwenye Windows, Macintosh na Linux, na hutoa faili la PDF linalokubalika viwandani. Wanaotumia Microsoft Publisher wana sababu ya kuanza kuijaribu Scribus: Microsoft imetangaza kuacha kuihudumia Publisher Oktoba 2026, hivyo kazi za zamani zihifadhiwe mapema kama PDF, pamoja na picha na maandishi yake halisi.