Eksirei ‘safi’ haimaanishi goti la mwanao ni zima

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA unapokaribia, viwanja vya shule kuanzia Tukuyu hadi Mafinga hujaa watoto asubuhi na jioni. Wanakimbia kwenye nyasi zenye umande, wengine kwa raba zilizoisha soli, huku baridi ikiwa haijawatoka miguuni. Ndicho kipindi ambacho mzazi hupigiwa simu na mwalimu wa michezo: mtoto ameumia mguu, njoo.

Mara nyingi kinachofuata ni kile kile. Mtoto anachuliwa kwa maji ya moto, anapelekwa hospitali, anapigwa eksirei na mzazi anaambiwa hakuna mfupa uliovunjika. Familia inashukuru Mungu. Wiki mbili baadaye mtoto amerudi uwanjani, na siku anapogeuka ghafla goti linamwachia, anaanguka tena.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajaelezwa: eksirei inaonyesha mifupa. Ligamenti haionekani humo.

Ligamenti ni nini?

Ni nyuzi ngumu, mfano wa kamba, zinazofunga mfupa mmoja na mwingine ili kiungo kisichezecheze. Goti lina nne kubwa: mbili za pembeni na mbili za katikati zinazopishana kama herufi X. Ya mbele kati ya hizo za katikati ndiyo ile ambayo kurasa za michezo huiandika ACL. Ndiyo iliyomweka nje kwa miezi mingi Virgil van Dijk wa Liverpool alipoumia Oktoba 2020, na Rodri wa Manchester City Septemba 2024.

Kwenye enka, zinazoumia zaidi ni za upande wa nje, mguu unapokunjika kwa ndani. Madaktari hupanga majeraha haya katika madaraja matatu: kuvutika, kuchanika kiasi na kukatika kabisa.

Daktari anagunduaje?

Kipimo cha kwanza ni maelezo, na hapa mzazi ana kazi. Mtoto alikuwa anafanya nini? Mara nyingi ACL hukatika bila mtoto kuguswa na mtu: msichana wa netiboli anatua baada ya kudaka mpira, winga anasimama ghafla ili ageuke. Je, alisikia kitu kikilia ‘pa’ ndani ya goti? Lilivimba baada ya muda gani? Uvimbe mkubwa ndani ya saa chache huashiria damu imeingia kwenye kiungo. Je, goti linamwachia anaposhuka ngazi au mteremko? Andika majibu kwenye simu kabla hujasahau.

Kipimo cha pili ni mikono ya daktari. Mgonjwa hulala chali, goti likunjwe kidogo, kisha daktari hushika paja kwa mkono mmoja na kuvuta mfupa wa chini kuja mbele kwa mkono mwingine. Ligamenti nzima husimamisha mfupa ghafla; iliyokatika huuacha uteleze. Ni lazima alinganishe na goti la pili, kwa sababu wapo watoto wenye viungo vilivyolegea tangu kuzaliwa. Kipimo hiki hakihitaji mashine.

Shida yake ni siku za mwanzo. Maumivu hukaza misuli, uvimbe hujaza goti, na daktari anaweza asipate jibu. Ndiyo maana mgonjwa hupangiwa kurudi baada ya wiki moja au mbili. Wazazi wengi hawarudi kwa sababu uvimbe umeshapungua. Rudi, hata kama mtoto anatembea.

Eksirei bado ina kazi yake, hasa kwa mtoto anayekua. Karibu na ncha za mifupa yake kuna sehemu laini za ukuaji ambazo zinaweza kuvunjika kabla ligamenti haijachanika, hivyo kinachoonekana ni kuteguka kinaweza kuwa mfupa. Akishindwa kutembea hatua nne, au akiumia unapobonyeza mfupa wenyewe, apigwe picha.

MRI ndiyo inayoonyesha ligamenti na gegedu waziwazi, lakini haipo katika kila hospitali ya wilaya. Rufaa hupanda hadi hospitali ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na wengine hufika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Kabla ya kupanda basi, piga simu uulize kama kipimo kinapatikana, gharama yake na kama bima yako inalipia.

Siku mbili tatu za mwanzo

Usimchue, usimkande kwa maji ya moto, usimpeleke akavutwe mguu. Mpumzishe, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa chache, funga bandeji isiyobana sana na uinue mguu juu ya mto. Kama kiungo kimepinda, au vidole vimekuwa vya baridi au vimekufa ganzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Si kila mchezo ni wa kumalizia

Watanzania tunajivunia John Stephen Akhwari. Mbio za marathoni za Olimpiki jijini Mexico City, 20 Oktoba 1968, alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji na kumaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni historia ya fahari, lakini yule alikuwa mtu mzima aliyejiamulia. Mtoto wa miaka 14 hapaswi kumalizia mechi ya kata na goti lililoachia. Kila linapoteleza husaga gegedu, na gegedu iliyoharibika haioti upya kirahisi. Maumivu yake yanaweza kumkuta akiwa bado kijana.

Enka iliyovutika kidogo inaweza kupona kwa wiki chache. ACL iliyokatika inahitaji mazoezi tiba ya muda mrefu, na wengine upasuaji. Baada ya upasuaji wataalamu wengi hushauri mtoto asirudi mchezoni kabla ya miezi 9.

Wasichana wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kukata ACL kuliko wavulana wanaocheza mchezo huo huo. Kwa hiyo kwenye kikao cha wazazi uliza swali moja: watoto hupasha misuli kwa dakika ngapi? Programu ya FIFA 11+ huchukua dakika 20, haihitaji vifaa zaidi ya mpira, na ikifanywa angalau mara mbili kwa wiki imethibitika kupunguza majeraha. Mwalimu anaweza kuipata bure mtandaoni na kuianza mazoezi yajayo.