Mwanga Kwanza, Kishindo Baadaye

Asubuhi ya Februari 15, 2013, katika mji wa Chelyabinsk, Urusi, mbingu iliwaka ghafla. Mwanga ulilishinda jua, na vivuli vya nguzo na miti vikazunguka barabarani kana kwamba vinafukuzwa. Ulipozimika ulibaki mkia mweupe, mnene kama moshi. Nani angejizuia? Watu wakakimbilia madirishani.

Hapo ndipo walipoponzwa. Kimondo kilikuwa kimepasuka kilomita 30 hivi juu ya ardhi, na kishindo chake kilichukua zaidi ya dakika moja kufika chini. Kilipofika, vioo viliwarukia waliokuwa wakichungulia. Watu wapatao 1,500 walihitaji matibabu, wengi kwa majeraha ya vioo. Mwalimu mmoja, alipoona ule mwanga, aliwaamuru wanafunzi wake 44 wajifiche chini ya madawati. Yeye alijeruhiwa mkono na vioo; wao wakatoka wazima.

Jiwe lenyewe lilikuwa na upana wa mita 20 hivi, likija kwa kasi ya kilomita 19 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo hewa haiwahi kupisha njia. Hugandamizwa mbele ya jiwe, ikapata joto kali na kung'aa, huku jiwe nalo likiyeyuka na kumeguka. Vimondo tunavyoviona usiku wa kawaida vingi havizidi punje ya mchanga. Cha ukubwa wa Chelyabinsk hakikuwa kimeshuhudiwa tangu mlipuko wa Tunguska, mwaka 1908, hukohuko Urusi.

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake. Agosti 14, 1992, mchana, mawe yalinyesha Mbale, Uganda, yakatoboa mapaa. Yaliyookotwa yalifikia kilo 150 hivi, na kubwa kuliko yote lilikuwa na kilo 27. Kijiwe cha gramu 3.6 kilimpata mvulana kichwani, lakini kilikuwa kimegonga kwanza majani ya mgomba, kwa hiyo hakikumdhuru. Mgomba umesifiwa kwa mengi, ila sifa ya kukinga mawe ya angani ni ya Mbale peke yake.

Kwa hiyo ukiwa ndani na nje kukawaka ghafla namna hiyo, usiende dirishani. Kaa mbali na vioo kwa dakika kadhaa, hata kama kumeshakuwa kimya.